Weka Hilo Jiwe Chini

Nina mdomo, sikatai. Kaka yangu husema mimi nikinyamaza basi nimelala. Lakini mtu anayetunza fisi kwenye bustani ya wanyama, upole utamsaidia nini? Watu wanatoka makwao wamevaa vizuri waje kumwona fisi, kisha wanamrushia mawe.

Fisi wangu, Bimkubwa, alipigwa jiwe la pua siku moja ya mapumziko, na tangu hapo akagoma kutoka. Mchana kutwa anajikunyata nyuma ya mwamba. Wageni wanachungulia, wanaona nyasi tupu, wanaguna na kwenda zao kwa simba. Mkurugenzi hakuzungukazunguka.

"Dada, Ijumaa wanakuja wanafunzi. Kama fisi haonekani, uwanja huu nampa pundamilia. Fisi atakaa banda la nyuma."

Banda la nyuma ni chumba cha saruji chenye kidirisha kimoja. Niliumia, nisiseme uongo, na usingizi ukaniruka.

Siku hizohizo bustani ilikuwa imeanza maelezo ya kwenye simu. Kila uzio umebandikwa alama ya mraba; mgeni anaielekezea simu yake, anasikia habari za mnyama. Fundi wa shughuli hiyo ni binti wa kaka yangu. Habari za fisi zilisomwa na kijana mmoja mwenye sauti nyororo, kama anatangaza sabuni, na hakuna aliyemsikiliza hadi mwisho.

"Shangazi, rekodi wewe," binti akaniambia.

"Mimi? Na mdomo huu?"

"Huohuo ndio ninaoutaka."

Tukasimama mbele ya uzio, akanishikia kipaza sauti. Nikaanza na adabu zangu zote. Nikaeleza kwamba kwa fisi madoa jike ndiye mkuu, tena ni mkubwa kuliko dume, na kwamba chakula chake kingi anakiwinda mwenyewe, haokoti makombo ya simba kama watu wanavyomsingizia. Ndiyo kwanza nimefika kwenye meno yanayovunja mifupa, naona jamaa mmoja anainama kuokota jiwe. Damu ikanichemka.

"Wewe! Ndiyo, wewe mwenye jiwe! Weka hilo jiwe chini! Mama wa watu amekukosea nini? Huna kazi?"

Jamaa akatoka mbio. Nikashusha pumzi.

"Hapo utapafuta," nikamwambia binti.

"Sawa, Shangazi," akajibu, macho pembeni. Ningepaswa kushtuka palepale.

Ijumaa wanafunzi wakaja na mwalimu wao, na mkurugenzi nyuma yao amekunja mikono. Uwanjani nyasi tupu, kama kawaida. Mwalimu akaielekezea alama simu yake, akaongeza sauti. Nikajisikia naongea, mpole kabisa, hadi kwenye meno. Kisha ikaja.

"Wewe! Ndiyo, wewe mwenye jiwe! Weka hilo jiwe chini!"

Nilitamani ardhi inimeze. Mzee mmoja mwenye kofia, mgeni tu aliyekuwa amesimama pembeni, akaachia kokoto iliyokuwa mkononi mwake, akageuka huku na huku kutafuta aliyemwona. Watoto hoi kwa kicheko. Nikamgeukia binti wa kaka yangu nimpe vidonge vyake.

"Shangazi, tazama," akanong'ona.

Nyuma ya mwamba lilichomoza sikio. Kisha la pili. Bimkubwa akatoka taratibu, akavuka nyasi, akaja hadi karibu na uzio, akainamisha kichwa upande kuisikiliza ile simu. Sauti hiyo anaijua. Kila akiisikia inafoka, mawe yanakoma.

Watoto wakanyoosha shingo.

"Mwalimu, ni mkubwa kweli," msichana mmoja akasema polepole. "Si amesema jike ndiye mkuu?"

Nikamwangalia mkurugenzi. Mikono alishaikunjua.

"Na pundamilia?" nikamuuliza.

"Pundamilia ana kwake, Dada."

"Mwalimu, tuwekee tena!" watoto wakapiga kelele. Mwalimu akairudisha, na ilipofika pale, darasa zima likafoka pamoja nami, na mzee mwenye kofia naye akafoka. Nilicheka, nililia, sijui kipi kilitangulia.

Bimkubwa hakukimbia. Alipiga miayo, akazunguka mara moja, akajilaza juani ametugeuzia mgongo. Tangu apigwe lile jiwe, hakuwahi kumpa mtu mgongo.