Vifuniko vya Bluu

Mwaka huo wa 2014, ikama ya Dalmas, kibali chake cha kuishi Saudia, ilibakiza wiki mbili tu iishe. Alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha maji ya chupa Riyadh, na kafili wake, yaani mdhamini wake wa kibali, Bosi Fahad mwenye kiwanda, alikuwa amesema wazi: mashine ikisimama hata siku moja msimu wa Hija, halas, arudi Kenya. Dalmas hakuwa tayari kurudi, si kwa kosa la mtu mwingine.

Vifuniko vyote vya chupa vilitoka kiwanda kimoja tu, Jeddah. Dalmas alikuwa amelia na jambo hilo mwaka mzima. Alileta hata sampuli za mtengenezaji jirani, vifuniko vya bluu vilivyobana chupa barabara. Bosi alivisukuma kando. "Mafi bluu, hakuna. Vyangu ni vyeupe."

Jumatatu asubuhi, stoo ikiwa na vifuniko vya siku mbili, Josphat, dereva wa lori la vifuniko, alipiga simu akitokea Jeddah.

"Bro, nimerudishwa. Ofisi imeandika nipite Makka, na ikama yangu inasema mimi Mkristo. Polisi wamenigeuza."

"Si uzunguke ile njia ya nje?"

"Ndio nazunguka, lakini mabasi ya mahujaji yamejaa. Nikifika Alhamisi tushukuru Mungu."

Kila dereva Mkenya aliijua njia ya nje, ile ya wasio Waislamu. Aliyepanga safari ofisini hakuwahi kuihitaji, kwa hiyo hakuikumbuka. Hasira ilimpanda Dalmas, akaimeza, akampigia jirani wa vifuniko vya bluu, kisha akapanda ofisini.

"Bosi, Jumatano ni bluu au hakuna maji," alisema kwa Kiarabu chake cha stoo.

"Nani kachelewesha?"

Dalmas aliweka karatasi ya safari mezani. Chini yake palikuwa na sahihi ya bosi mwenyewe.

"Yalla, leta," bosi akasema hatimaye.

Jumatano chupa zilitoka na vifuniko vya bluu, na hakuna mnunuzi aliyeuliza. Alhamisi Josphat akafika. Bosi akamwita Dalmas, fomu ya kuongeza ikama iko mezani, kalamu mkononi.

"Sasa hao wa bluu waambie basi, imetosha."

Dalmas aliitaka ile sahihi ya fomu. Hata hivyo alitoa mkataba wa jirani, akauweka juu ya fomu.

"Hija ijayo inakuja mapema kwa siku kumi na moja, bosi, na madereva wako bado ni Wakristo. Kama hutaki mtengenezaji wa pili, nirudishe sasa hivi."

Bosi akautia sahihi mkataba, akauweka kando, kisha akaivuta fomu ya ikama.