Vyeti vya Shemeji Mohsin

Wahenga walisema kufa kufaana, na Mohsin hakuwa mtu wa kuwaangusha wahenga. Arubaini ya kaka yake Harub ilikuwa haijafika, naye alikwisha kumpata mnunuzi wa nyumba ya marehemu, mtaa wa Ngamiani: tajiri wa machungwa kutoka Muheza, mtu mwenye haraka zake.

Fakhria, mjane wa Harub, aliyasikia yote kutoka nyuma ya pazia. Alikuwa kwenye eda, hatoki wala haonekani na mwanamume wa kando. Shemeji yake alimwonea huruma sana: angemwacha amalize eda kwanza, ndipo amtoe. Robo yake ya mirathi angepewa, zikishatolewa gharama, na gharama angezijua Mohsin mwenyewe. Fakhria hakuwa na mtoto. Alikuwa na binti wa mama yake mdogo huko Moa, mwenye chumba kimoja na watoto tele. Huko ndiko angekwenda.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba nyumba ile ilikuwa mahari yake. Ilitajwa barazani siku ya harusi, haikuandikwa popote, na baba yake aliyemwoza alishatangulia mbele ya haki. Nani angemsikiliza? Tena mwanamke wa heshima hadai mahari kaburi la mume halijakauka.

Mohsin akashika njia ya boma kuomba kibali cha kuuza. Walitaka risiti za kodi ya kiwanja, akazitafuta akazipata. Walitaka cheti cha afya, akamleta Bwana Afya, kijana wa Kibondei aitwaye Ernesti, kaptula imenyooka kwa pasi. Ernesti alichungulia choo, akamulika mtungini kutafuta viluwiluwi vya mbu, akafika kwenye mlango wa Fakhria.

"Humu kuna mjane wa eda," Mohsin akamwambia.

"Mbu hawajui eda, mzee. Chumba nisichokiona sikiandikii cheti."

Ikabidi Fakhria ajifunike gubigubi, ahamishiwe jikoni na jirani yake ili chumba kikaguliwe. Ernesti akaagiza mfuniko mpya wa choo, bati la jikoni libadilishwe, na kuta zote zipakwe chokaa. Mohsin alitoa fedha zake huku akiugua kama mwenye jino bovu. Cheti akakipata.

Kikabaki cha kadhi. Kadhi alitaka wazee wawili wa mtaa washuhudie kwamba nyumba ni mali ya marehemu, tena akasema atakuja mwenyewe ili mjane naye asikie. Mohsin akawachagua Mzee Idarusi na Mzee Hatibu, ambao hakuna Ngamiani nzima wa kulitilia shaka neno lao. Siku ya kadhi kuja, akawaandalia kahawa na halua barazani.

"Mzee Idarusi, nyumba hii ya nani?" kadhi akauliza.

Idarusi akamaliza kwanza tonge la halua. "Ya Fakhria."

"Sheikh, mzee umri umemwenda," Mohsin akasema.

"Umri umenienda, masikio yapo. Si wewe, Mohsin, uliyesimama papa hapa siku ya harusi, wakwe wamejaa, ukasema sisi hatutoi mahari ya vikuku, tunatoa nyumba? Harub akaitikia. Tukakusifu wee, kisha tukala pilau. Hatibu alikuwa ubavuni pangu."

Hatibu aliitikia kwa kichwa, maana kinywa kilikuwa na kazi.

"Yale yalikuwa maneno ya fahari tu," Mohsin akasema. "Kila mtu husema harusini."

"Mahari haitajwi kwa mapambo," kadhi akajibu. "Ni deni la marehemu, na deni hutangulia mirathi."

Mdomo uliponza kichwa. Nyuma ya pazia Fakhria alilia kwa furaha, wala hakujali nani anamsikia. Alipotulia, akaita.

"Shemeji, Mungu akulipe kwa taabu yako. Hivyo vyeti vyangu niwekee hapo dirishani. Na ukuta wa uani bado haujapakwa chokaa."