Gari la Mama Mkwe

Mwidani, fundi wa mafriji pale Timbwani, hakununua lile gari kwa uzuri wake. Uzuri wenyewe uko wapi! Pua fupi, mgongo umekatwa wima, na paa limepanda juu hata mtu akaketi ndani na kofia yake isiguse kitu. Mwaka ule wa tisini na nne magari ya namna hiyo yalikuwa bado machache, na vijana wa maskani walipoliona waliangua kicheko. "Mwidani, hilo kabati utatia vyombo au nguo?" Akawaacha wacheke. Yeye alikuwa na lake moyoni, na lake lilikuwa Mwanarehema.

Sasa, mamake Mwanarehema, Bi Mwanatabu, alikuwa na magoti mabovu. Kwenye teksi aliingia kwa kusukumwa na kutoka kwa kuvutwa, buibui likipanda na heshima ikishuka. Kwenye gari la Mwidani aliketi tu, kama yuko kitini kwake, akashuka vivyo hivyo. Basi mwaka mzima ikawa leo hospitali, kesho matangani, keshokutwa sokoni, mlango wa nyuma ukifunguliwa kwenda juu na gunia la nazi likisimama wima. Ni kweli, upepo ukilipiga ubavuni liliyumba, na kwenye kona Bi Mwanatabu alisoma kila dua aliyoijua. Lakini alivyolisifu! "Wallahi mwanangu, gari ni hili." Mwidani akaona mambo yameiva. Kupeleka posa? Haraka ya nini, na mama mtu keshamtia mkononi?

Asubuhi moja Bi Mwanatabu akaja kibarazani kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ijumaa nina shughuli, na sufuria la pilau halisimami kwenye gari jingine. Mwanarehema anaolewa. Posa imetoka Mtongwe, watu wastaarabu."

Mwidani aliumia, aliumia hasa. Na mdomo wake, mpumbavu ule, ukajibu, "Inshallah, mama."

Pilau akaipeleka. Kumbe hayajesha. Bwana arusi alikuwa amekodi gari la kifahari, refu, limelala chini, na bibi arusi nywele zimepandishwa juu kwa asumini. Kila akiinama aingie, maua yanamwagika. Wanawake wakatazamana, kisha wote wakamtazama Mwidani.

Akaendesha. Bi Mwanatabu mbele, bibi arusi nyuma, ameketi wima kabisa.

"Mwidani," akasema Bi Mwanatabu, roho imemtulia, "mbona wewe huoi? Kijana mwema hivi!"

Mwidani akakohoa.

"Mama, mwache," Mwanarehema akasema taratibu. "Mwaka mzima nimengoja wazee wake wabishe hodi. Kila nikisikia gari hili mlangoni natoka mbio, naambiwa limemjia mama."

Magari ya nyuma yakapiga honi za furaha, ikambidi Mwidani naye apige.