Kiti cha Mbele ni cha Mzee

Saa tatu asubuhi ya Jumamosi, Baba Mapacha alipiga magoti kwenye kokoto za yadi ya magari, akaingiza mkono chini ya gari jeupe na kupima kwa futi ya chuma nafasi iliyobaki kati ya tumbo la gari na ardhi. Sentimita kumi na tisa. Akaandika kwenye daftari. Akahamia gari la kijivu lililoegeshwa ubavuni, akapima, akapata ishirini na moja, akaandika na hiyo. Muuzaji alikuwa ameshamtajia namba zote mbili, tena zilibandikwa kwenye vioo kwa herufi nyekundu. Lakini Baba Mapacha kazi yake ni ukaguzi wa mizani, na mkaguzi wa mizani haamini namba iliyoandikwa na mtu anayeuza kitu.

"Zote ni ndefu za kutosha, bosi," muuzaji alisema. "Zinapita kwenye mashimo kama hayapo."

"Tutaona," alisema Baba Mapacha, akiwa bado chini.

Mkewe, Mama Mapacha, alisimama kivulini ameshika kiuno. Hakukishika kwa kiburi, kilikuwa kinamuuma. Mapacha wenyewe, wasichana wa miaka kumi na miwili, walikuwa wameshaingia kwenye gari jeupe na kila mmoja ameshajichukulia dirisha lake. Kwenye kiti cha mbele, kando ya usukani, alikuwa ameshakaa baba mzazi wa Baba Mapacha, ambaye wote walimwita Mzee, na ambaye alikuwa amefariki miaka minne iliyopita.

Kosa la Mzee kuendelea kupanda magari lilifanywa na mwanawe siku ya mazishi. Wana wengine, huzuni ikiwakaba, huahidi kumjengea marehemu kaburi la marumaru, kisha wanasahau, na marehemu anaelewa. Baba Mapacha, alipopewa nafasi ya kusema neno, alilia sana, akainama kuelekea kaburini, akatamka mbele ya umati: "Baba, kile kiti chako cha mbele hakuna atakayekikalia. Ni chako siku zote." Watu walifuta machozi. Wapo waliosema hawajawahi kusikia mtoto mwenye heshima namna ile. Jumatatu asubuhi familia ilipotoka kwenda kazini na shuleni, Mzee alikuwa kwenye kiti cha mbele, ndani ya suti ya kahawia waliyomzika nayo, anasubiri.

"Ahadi ni deni," alisema. Wakaondoka, kwa sababu walikuwa wamechelewa.

Tangu siku hiyo mpangilio haukubadilika. Baba Mapacha aliendesha yeye, maana mikono yake haitulii akiona mtu mwingine ameshika usukani. Mzee alikaa mbele. Mapacha walikaa madirishani, kwa kuwa mmoja wao akikosa upepo anatapika, na akitapika mmoja, wa pili anamfuata kwa mshikamano. Ilibaki nafasi moja, ya katikati, juu ya lile tuta la sakafuni, na hapo ndipo Mama Mapacha alipokunjwa kwa miaka minne, magoti usawa wa kidevu, dakika arobaini kwenda na arobaini kurudi. Yeye ni fundi wa meno bandia. Kutwa nzima huinama juu ya meno ya watu, akimaliza anapandishwa tutani. Mwisho mgongo ukagoma. Daktari wa mifupa aliandika kwa mkono wake: mgonjwa akae kiti cha mbele, mgongo wima. Baba Mapacha aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja vizuri, akasema ni ya muhimu, akaiweka mahali ambapo haijaonekana tena.

Mwezi uliopita gari lao likafa barabarani. Tofauti na Mzee, lenyewe halikurudi.

"Mko wangapi?" muuzaji aliuliza.

"Watano," alisema Baba Mapacha.

"Wanne na marehemu," alisema Mama Mapacha.

Muuzaji alitazama kiti cha mbele. Mzee alimpungia mkono. Kwa kweli alikuwa ameanza kuchakaa kidogo, ukikaza macho unaona kitambaa cha kiti kupitia tumbo lake, lakini meno yalikuwa bado meupe pe. Aliyatengeneza mkwewe, mwaka mmoja kabla ya kifo.

"Marehemu anapendelea mbele?"

"Mbele," alisema Baba Mapacha.

"Wengi wanapenda mbele," alisema muuzaji, akaenda kuleta funguo.

Walianza na gari jeupe. Lilikuwa la kisasa, kila kitu kinawaka taa. Baba Mapacha alipoliwasha tu, likaanza kulia: ti, ti, ti, ti. Kwenye dashibodi ikatokea picha ya mtu mwekundu amekaa bila mkanda.

"Abiria wa mbele hajafunga mkanda," muuzaji alieleza kupitia dirishani. "Ni kwa usalama wake."

"Baba, funga mkanda," alisema Baba Mapacha.

"Nifunge ili iweje?" alisema Mzee. "Nisife?"

Wakazunguka mtaa wa nyuma ya yadi na kelele ile ile, ti, ti, ti, hadi mapacha wakaanza kuiimba. Baba Mapacha hakukereka. Alisema gari lina adabu, linamtambua mtu mzima. Mama Mapacha, pale katikati, aligundua jambo jingine. Alinyoosha mguu wa kulia. Akanyoosha wa kushoto. Hakukuwa na tuta. Sakafu ilikuwa bapa kama meza, na kiti cha katikati kilikuwa kiti kweli, si kiraka kilichobaki baada ya viti viwili kushonwa.

"Hapa pazuri," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua. Alikuja kutafuta kiti cha mbele, na sasa anashukuru kwa sababu ya sakafu! Akajionea huruma, na huruma haikukaa sana, ikageuka hasira.

Waliporudi yadini, Baba Mapacha alishuka kwenda kupima buti. Mapacha walishuka kwenda kubonyeza honi za magari mengine. Ndani wakabaki mkwe na Mzee.

"Baba," alisema Mama Mapacha, "nina ombi. Ukiniona sina adabu, unisamehe. Yamenifika hapa." Akaonyesha kooni. "Mgongo unaniua. Naomba hicho kiti."

Mzee aligeuka. Alionekana kama mtu aliyesubiri kuulizwa.

"Mwanangu, miaka minne yote hii ulikuwa unangoja nini? Unadhani mimi nakipenda? Nimefanya kazi miaka thelathini na nane, nikastaafu. Nikaugua, nikafa. Na bado kila saa kumi na mbili na nusu niko kwenye foleni! Wenzangu wamelala huko, wananicheka."

"Sasa si utoke?"

"Natokaje? Aliyenifunga kwa mdomo wake ni yeye. Mwite."

Baba Mapacha aliitwa, akaja na futi mkononi. Akaelezwa. Mzee mwenyewe ndiye aliyesema, taratibu, kwa ile sauti aliyokuwa akitumia zamani kumfundisha kufunga kamba za viatu.

"Mwanangu, ile ahadi nimeipokea, nimeifurahia, sasa nakurudishia. Kiti nakiacha. Mkeo akae."

Akatoka kwenye kiti, bila kufungua mlango, akasimama kwenye kokoto akiinyoosha suti yake. Kwenye dashibodi, yule mtu mwekundu akazimika. Baba Mapacha alitokwa na machozi. Akamwambia baba yake kwamba hajawahi kuona moyo wa namna hiyo.

Mama Mapacha hakupoteza muda. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Alichukua mkoba wake, akazunguka gari, akashika kitasa cha mlango wa mbele. Mkono wa mumewe ukatua juu ya mlango.

"Ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Amekiacha mwenyewe, umesikia kwa masikio yako."

"Nimesikia. Amekiacha kwa unyenyekevu." Alifuta jicho. "Sasa mtu akikuachia kitu kwa unyenyekevu kiasi hicho, unakwenda tu kukikalia? Palepale? Watu watatuonaje?"

"Watu gani?"

"Watu."

"Baba Mapacha, daktari aliandika."

"Daktari hakumjua baba."

Mama Mapacha alimgeukia Mzee ili amsaidie. Mzee alikuwa amefungua mdomo, meno yote yanaonekana. Yeye alikuwa ameshamaliza la kwake. Hakuwa na kiti kingine cha kuacha.

Baba Mapacha alirudi kwenye daftari. Hesabu, alisema, imebadilika. Mapacha wawili. Mama yao, watatu. Baba, ambaye sasa hakai mbele lakini hawezi kuachwa nyumbani kama mwavuli, wanne. Dereva, watano. Na kiti cha heshima, ambacho hakikaliwi, sita. Gari jeupe lina viti vitano. Alilikata jina lake kwa mstari mmoja ulionyooka.

"Hili la kijivu lina viti saba," alisema muuzaji, ambaye alikuwa amesogea bila kuitwa. "Viwili viko kule nyuma, ndani ya buti. Ukivikunja huvioni."

"Na ukivikunjua?" aliuliza Mama Mapacha.

"Ukivikunjua unaviona," muuzaji alikiri.

Akafungua buti, akavuta kamba, na viti viwili vikainuka kutoka sakafuni. Vilikuwa na ukubwa wa mto wa kulalia. Mama Mapacha alijaribu kwanza kiti cha katikati, kile cha safu ya pili. Tuta la gari la kijivu lilikuwa refu kuliko la gari lililokufa. Akashuka, akaenda nyuma, akapanda kwenye buti kwa kushika mlango na bega la Mzee, ambalo halikushikika, akakaa. Kichwa kiligusa paa.

"Baba Mapacha," aliita kutoka humo. "Mimi si mzigo."

"Nani kasema mzigo?" alijibu mumewe, kwa mshangao wa kweli. "Hivyo ni viti. Vina hadi mikanda." Akaingiza futi, akapima kutoka goti la mkewe hadi mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake. Sentimita nne. Akaandika.

"Pole, mwanangu," alisema Mzee, akapanda akakaa kiti cha pili kando yake.

"Wewe huna kosa, baba."

"Nilimlea mimi," alisema Mzee.

Saa sita karatasi zilikuwa tayari. Baba Mapacha alizisoma zote, zile za herufi ndogo akazisoma kwa sauti. Alimshika muuzaji mkono mara tatu. Mapacha wakaingia madirishani. Mama Mapacha na Mzee hawakuwa wameshuka, kwa sababu kupanda tena kungekuwa kazi. Baba Mapacha aliingia, akafuta kwa leso kiti cha mbele kilicho kitupu, akakifunga mkanda.

Sasa, yadi ile ina utaratibu wake. Magari hukaa na mafuta ya kufika kituo cha kwanza tu, yasije yakaibwa. Kwa hiyo gari likiuzwa, muuzaji hulisindikiza hadi kituoni, mwenye gari anajaza, muuzaji anafungua vibao vya namba vya yadi na kurudi navyo kwa miguu. Alikuja akiwa na bisibisi mfukoni, akafungua mlango wa kati, akawaza wapi atajipenyeza kati ya mapacha.

"Aa, aa!" Baba Mapacha alipaza sauti. "Unakwenda wapi huko? Njoo mbele!"

"Hapa panatosha, bosi. Ni mwendo wa dakika tano."

"Sitaki kusikia. Mgeni akae nyuma, ndani ya gari langu? Mgeni njoo, mwenyeji apone." Alikwishafungua mkanda wa kiti cha mbele, akapiga kile kiti makofi mawili kukitoa vumbi ambalo halikuwepo. "Karibu sana. Jisikie nyumbani."

Muuzaji akazunguka, akaingia, akakaa. Alishika kitasa cha chini, akakisukuma kiti nyuma kidogo, apate kunyoosha miguu. Pacha aliyekuwa nyuma yake akabanwa magoti, naye akaisukuma safu ya pili nyuma. Nyuma kabisa, ile nafasi ya sentimita nne ikaisha.

"Kiti kizuri hiki," alisema muuzaji, akiegemea.

"Cha baba yangu," alisema Baba Mapacha kwa fahari.

Gari likatoka getini polepole, likapita shimo la kwanza kama halipo. Mapacha walitazama nje, kila mmoja upande wake. Mzee alikuwa amefunika uso kwa viganja, na uso ukaonekana hivyo hivyo kupitia viganja, umejaa aibu. Baba Mapacha alirekebisha kioo cha ndani hadi akampata mkewe, kipande cha paji la uso na jicho moja.

"Huko nyuma mko sawa?" aliuliza.

Lile jicho likafumba, na yeye akalichukua hilo kuwa ni ndiyo. Akawasha indiketa ya kushoto, akaanza kumweleza muuzaji jinsi alivyolichagua gari hili kwa kumfikiria mama watoto, kwa sababu ya mgongo wake.