Mstari wa Kwanza

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi mshonaji alikuwa wa kwanza kufika kliniki ya macho, na kiti chake cha kukunja. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili, na sare arobaini za shule zilikuwa zinamsubiri nyumbani. Karani akamwandika juu kabisa ya jedwali kwenye kompyuta, akaandika wengine ishirini chini yake, akalipakia faili kwenye tovuti ya upasuaji.

Tovuti ikajibu: wagonjwa ishirini wamepokelewa. Mshonaji akapaa polepole na kiti chake hadi darini, akatulia juu ya foleni.

Mjukuu wake, aliyeitengeneza tovuti hiyo, alifika saa nne. Akaangalia faili, kisha dari.

"Shikamoo, bibi. Programu yangu inajua mstari wa kwanza ni wa majina ya safu: Jina, Umri, Jicho. Haiuhesabu. Karani hakuyaandika, ameanza na wewe moja kwa moja."

"Marahaba. Basi iambie mimi ni mtu."

"Tulijaribu mwezi uliopita, tukaiambia isiruke kitu. Kliniki nyingine wakapakia faili lao, akaja bwana mmoja anaitwa Jina, umri wake Umri. Akapasuliwa vizuri tu. Sasa anasoma gazeti bila miwani."

"Hongera zake. Na wewe karani, huwezi kuongeza huo mstari?"

"Fomu ilishapitishwa na wakubwa, bibi. Kuongeza mstari ni mpaka kikao."

"Kikao lini?"

"Akidi ikitimia."

"Haya. Haraka haraka haina baraka. Nimewaimbia watoto wa watu, nikajisahau mwenyewe."

Foleni ikacheka, naye akacheka nao. Mjukuu akapanda ngazi kumpelekea chai.

Jumatatu iliyofuata watu walikuwa na adabu isiyo kifani. "Tangulia, mzee wangu." "La, wewe kwanza, mwanangu." Fundi mmoja mpaka rangi, asiyesikia vizuri, akawashukuru wote akakaa mbele. Saa mbili faili likapakiwa, naye akapaa. Mshonaji akamsogezea nafasi.

"Karibu, huku kuna upepo."

"Nilitaka kuwahi," alisema mpaka rangi.

"Sote huku tulitaka kuwahi, baba."

Chini, daktari akaita namba moja, na mtu wa pili akainuka.