Mfuko wa Zambarau

Asubuhi moja Msusi alifunua shuka la mama mkwe wake ili amwage mkojo kama kawaida, akaduwaa. Mfuko wa plastiki ulioning'inia ubavuni mwa kitanda, pamoja na mpira wake, ulikuwa wa rangi ya zambarau, kana kwamba umechovywa kwenye wino.

Bibi huyo alipigwa na kiharusi miezi mitano nyuma, na tangu hapo alikojoa kwa mpira. Aliyemgeuza, akamwogesha na kumlisha uji kwa kijiko ni huyu mke wa mwanawe, aliyefunga saluni kwa ajili hiyo. Binti wa kumzaa alikuja Jumapili kwa Jumapili, akakaa nusu saa, akaaga.

Siku hiyo alipopigiwa simu alifika mara moja. Akautazama mfuko, kisha akamtazama Msusi.

"Umemnywesha nini mama?"

"Uji, wifi. Na maji."

"Uji gani unaotoa wino?"

Kabla teksi ya kuwapeleka zahanati haijafika, wifi alikwisha kuwapigia shangazi wawili na kaka yake, mume wa Msusi, aliyekuwa safarini: mama analishwa sumu. Msusi aliyasikia yote huku akimvisha mgonjwa. Akamfunga vifungo kimoja kimoja.

Kule zahanati nesi aliinua mfuko kwa ncha za vidole.

"Mmempa miti shamba. Mkishaharibu ndipo mnatuletea sisi."

"Si nilikwambia," wifi akadakia.

Hapo uvumilivu ukamwishia Msusi. Akatoa kadi ya mgonjwa mkobani, akaibandika mezani.

"Nesi, soma. Mpira huu ulipaswa kubadilishwa wiki sita zilizopita. Nikaja, ukaniambia mipira imekwisha, nirudi. Nikarudi, ukaniambia mna mkutano. Tarehe hizi za kurudi ni mwandiko wa nani?"

Nesi aliikodolea kadi kama imeandikwa kwa lugha ya ng'ambo. Daktari, aliyesikia kutoka chumba cha pili, akaja na glasi safi. Akafungua koki ya mfuko. Mkojo ulioshuka ulikuwa wa njano, mzito, wenye harufu kali.

"Rangi imeshika plastiki," alisema. "Amepata choo lini?"

"Siku ya tano leo, hajapata."

"Basi ndiyo hiyo. Choo kikifunga, na wadudu wakiingia kwenye mkojo, hutengeneza rangi hii mfukoni. Ni nadra, ila nimeiona mara mbili. Hakuna sumu hapa. Kuna mpira uliokaa kupita kiasi." Akamgeukia nesi. "Lete mpya."

Mpya ulipatikana dakika hiyohiyo, kabatini.

Bibi alibadilishwa, akapewa dawa ya maambukizi na ya kulainisha choo. Wifi akajichekesha. "Haya, tumshukuru Mungu. Yaishe."

"Yataishaje?" Msusi aliuliza bila kupaza sauti. "Ulipiga simu tatu. Piga tena tatu, nikisikia."

Wifi akamtazama mama yake, akitumaini kuokolewa. Bibi, ambaye siku hizi maneno yalimtoka kwa shida, alivuta pumzi.

"Piga," alisema.

Akapiga, moja baada ya nyingine, palepale kwenye benchi, watu wakisikiliza. Msusi hakumwambia amemsamehe, maana hakuwa amemsamehe. Alimwonyesha tu namna ya kufungua koki na kuosha mikono, akamwambia kuanzia wiki hiyo Jumatano na Ijumaa ni zamu yake. Siku hizo saluni itakuwa wazi.