Meli ya Kazi Zote

"Toa mukono hapo, ile bomba iko moto," Ambroise alisema.

Askari aliyekuwa ameishika jenereta ya hospitali kama mtu anayeshika mbuzi wa wizi akautoa mkono na kuupuliza. Wenzake wakacheka. Walikuwa wamekuja asubuhi hiyo na kamba mabegani na neno la mdomo tu: mashine inatakiwa ukumbini, kwenye sherehe ya meli.

Ambroise hakucheka. Alikuwa ameitunza jenereta hiyo tangu ilipokuwa bado na rangi yake ya kijani, na sasa ilikuwa na rangi ya kutu na mafuta. Masikio ya Ambroise ilikwisha kuyala nusu kwa mngurumo wake, kwa hiyo aliisikiliza kwa kiganja. Aliuweka mkono ubavuni mwa mashine akajua kama inakosa hewa, kama mazutu, dizeli yake, yana maji, kama itamaliza siku. Tangu wezi walipoanza kukata nyaya za umeme huko porini ili wauze shaba yake, mji ulikuwa ukikaa gizani siku nzima, na chumba cha kupasulia, ambacho hakikuwa na dirisha, kilipata mwanga kutoka kwa mashine hii peke yake.

Mado, mkunga, alitoka wodini akifuta mikono kwenye aproni.

"Munaipeleka wapi?" aliuliza. "Niko na mama mule ndani. Suzanne, wa Kakanda. Mutoto amekaa vibaya. Docteur anaweza kumupasua saa yoyote."

Mkurugenzi wa hospitali, Germain, alikuwa amesimama nyuma ya askari, tai shingoni, uso umepakwa mafuta ya sherehe. "Ni kwa muda mufupi tu, Mama Mado. Courant, umeme ya muji, itarudia mbele ya saa sita. Wameniahidia."

"Nani amekuahidia?"

Germain alitazama saa yake, akawaashiria askari wainue.

Ambroise aliinuka. "Kama inaenda, miye ninaenda nayo," alisema. "Haiwake na muntu mwingine." Hilo halikuwa kweli kabisa, lakini hakutaka kuiacha mikononi mwa watu wale.

Ulikuwa mwaka wa tisini na nne. Watu waliotoka mkoa wa Kasai walikuwa wamekwisha kufukuzwa na kupakiwa kwenye mabehewa ya treni, na pamoja nao waliondoka wauguzi, walimu na madaktari, hata hospitali ikabaki na daktari mmoja aliyelala kwa zamu na uchovu wake mwenyewe. Migodi ilikuwa inakufa. Na wakati huohuo kapiteni wa jeshi la majini alikuwa amesafiri kutoka mji mkuu kuja kuwaambia watu wa Likasi kwamba nchi inahitaji meli, na kwamba mji wa shaba unapaswa kutoa shaba.

Likasi haina bahari. Ina vilima na mashimo, na mtu akitaka maji mengi huenda ziwani Mwadingusha, ambako chombo kikubwa ni mtumbwi wa mvuvi. Nchi yenyewe, kwa ukubwa wake wote, inaigusa bahari kwa kipande chembamba kama shingo ya chupa. Ambroise aliyajua hayo kama kila mtoto aliyepita shule ya misheni, na njia nzima, akisukuma mashine juu ya toroli pamoja na askari, aliyatafuna mdomoni kama kitu kichungu asichoruhusiwa kutema.

Ukumbini waliiweka jenereta nje, chini ya dirisha, na waya ukapitishwa ndani. Ambroise aliiwasha, kisha akachungulia.

Juu ya meza yenye kitambaa cheupe ilikaa meli. Mafundi wa karakana fulani walikuwa wameifua kwa bati la shaba, ndefu kama jeneza la mtu mzima, imesuguliwa mpaka inang'aa. Ilikuwa na madirisha madogo yenye balbu za magari, na umeme ulipofika yote yakawaka kwa pamoja. Watu wa mstari wa mbele wakasema "aaa" kama wanaobatizwa. Nyuma yao zilipangwa sahani za samaki walioletwa kutoka Kapolowe, zimefunikwa. Kwaya ya akina mama, walioletwa kuimba, ilikuwa imeachwa uani juani, bila viti wala maji.

Kapiteni Benoît alivaa nguo nyeupe ambayo hata tope la Likasi liliiogopa. Alisema kwa Kifaransa, na Germain akatafsiri kwa Kiswahili, akiongeza chumvi pale alipoona mchuzi umepoa.

"Hii si masua ya vita peke yake," Germain alisema. "Ni masua ya kazi yote. Inabeba basoda na bunduki zao. Inabeba mazutu ya masua zingine. Mafuriko yakikuya, inabeba chakula. Na hapa katikati," fimbo ya kapiteni ikagusa kidirisha chenye balbu nyekundu, "kuko hospitali. Vitanda, docteur, salle ya kupasulia. Courant usiku na muchana."

Makofi. Ambroise akauweka mkono kwenye ubavu wa mashine. Ilikuwa inafanya kazi vizuri, na hilo lilimuudhi zaidi.

Padri mmoja mzee alisimama kuuliza kama nchi maskini itakiweza kitu kama hicho, na kama itaweza kukinunua, itaweza kukilisha? Kapiteni alitabasamu kama mtu aliyelisubiri swali hilo tangu kiwanja cha ndege. Tajiri, alisema, anaweza kuwa na meli tano za kazi tano. Ni maskini ndiye anayehitaji meli moja inayofanya zote.

Maneno yalikuwa matamu, Ambroise hakukataa. Shemeji yake aliwahi kununua kisu cha namna hiyo kwa Mgiriki mmoja: kina msumeno, kijiko, kifungua chupa, na kitu kingine ambacho hakuna aliyejua kazi yake. Miaka yote kilining'inia ukutani kwa heshima, na vitunguu vilikatwa kwa kisu cha jikoni. Alikumbuka hilo, akamtazama kapiteni akichomeka fimbo yake kwenye hospitali ya shaba, akahisi dharau ikimpanda, ya kutosha kujaza ukumbi ule na kubaki.

Hapo ndipo alipomwona Mado. Alikuwa anakuja mbio barabarani na aproni yake, kitambaa cha kichwa mkononi.

"Courant haikurudia," alisema, pumzi zikimkatika. "Suzanne anachoka. Moyo ya mutoto inaenda polepole. Docteur amekwisha kunawa mikono, anangojea mu giza."

Ambroise aliingia na viatu vyake vya mafuta ukumbini, ambako sasa mapazia yalikuwa yamefungwa na picha za meli zikimulikwa ukutani, akapita katikati ya viti mpaka mstari wa mbele, akainama kwenye sikio la Germain na kumweleza.

"Ngojea kidogo," Germain alinong'ona bila kugeuza uso. "Bado wanaonyesha picha. Kisha tutaipeleka mbiombio."

"Suzanne hangojee picha."

"Papa Ambroise, usinipatishe haya mbele ya bakubwa."

Kapiteni alikuwa amesikia kitu. Aliuliza, akaelezwa, akaweka mkono kifuani kwa huzuni ya adabu. Akasema kwamba ni mambo kama hayo hasa yanayoonyesha jinsi meli inavyohitajika. Kisha akaomba picha inayofuata.

Ambroise alimtazama muda mrefu kuliko inavyofaa mtu wa mafuta kumtazama mtu wa nguo nyeupe. Akatoka nje, akapiga magoti kando ya mashine, akafunga bomba la mazutu.

Haikufa mara moja. Ilikunywa kile kilichobaki kwenye mrija, ikakohoa, ikajikaza, ikakohoa tena. Ndani, madirisha ya meli yalitoka weupe yakawa manjano, kisha nyuzi nyekundu, kisha si kitu. Sauti ya Germain ilibaki peke yake gizani, ikitafsiri neno ambalo halikuwa limesemwa.

Askari aliyeungua mkono, kijana wa Bukama aliyeitwa Hénoc, alikuwa amekaa ukutani. "Imekufa?" aliuliza.

"Hapana. Nimeizima."

Hénoc aliitazama mashine, akamtazama Mado aliyekuwa amekwisha kuanza kuukunja waya. Alitundika bunduki mgongoni na kushika mkono wa toroli.

Akina mama wa kwaya waliinuka mmoja baada ya mwingine. Mmoja aliuliza tu, "Ni ya mama wa kuzaa?" na alipojibiwa akafunga kitenge chake vizuri na kuweka mabega kwenye chuma.

Kapiteni alitokea ngazini. "Mzee," aliita kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "unajua unaharibu nini?"

"Hospitali ya masua yako iko na mugonjwa?" Ambroise aliuliza.

Kapiteni aligeuka kumtafuta Germain amtafsirie.

"Ya kwetu iko naye," Ambroise alisema, akampa mgongo.

Barabara ya hospitali inapanda. Walisukuma bila kuimba, na katikati ya mlima mvua ikawakuta. Mashine iliteleza kwenye tope, wakaizuia kwa miili yao. Walipofika, Ambroise aliunganisha waya, akaingiza manivela, mkono wa chuma wa kuwashia, akazungusha. Kimya. Mashine hii ilichukia kuamshwa ikiwa bado na joto la kazi nyingine. Akazungusha tena kwa uzito wote wa mwili wake, na kitu kikashika kifuani mwake au kifuani mwa mashine, hakujua, na ikanguruma.

Chini ya mlango wa chumba cha kupasulia mstari wa mwanga ukatokea.

Alipofungua tangi akaona kwamba meli ilikuwa imekunywa karibu yote. Kilichobaki kilifunika sakafu ya tangi tu. Alimwonyesha Hénoc. Kijana akachukua bidoni, dumu tupu la mazutu, na kupotea mvuani. Aliporudi bidoni lilikuwa limejaa, na yeye alikuwa akitema na kufuta midomo kwa mkono wa koti.

"Umetoa wapi?" Ambroise aliuliza.

"Mu kamio ya kapiteni, nimeinyonya mu tangi ya lori yake," Hénoc alisema. "Atafanya nayo nini? Masua si inabeba mazutu?"

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Ambroise alicheka, cheko fupi na baya. Kisha akauweka mkono ubavuni mwa mashine na hakuutoa tena.

Hakusikia mtoto alipolia. Mngurumo ulikuwa umeyajaza masikio yake. Aliona tu mlango ukifunguka na Mado akisimama na kitu kimefungwa shukani, mdomo wa kitu hicho ukiwa wazi kabisa, mwekundu, umekasirika. Mado hakutabasamu. Akageuka kurudi ndani, kwa sababu damu ya Suzanne ilikuwa bado haijakubali kusimama.

Germain alikuja mvua ilipokuwa inapungua, tai imemganda shingoni. Alisimama mbali kidogo na mashine.

"Kesho usikuye kazini," alisema. "Wameniuliza jina yako. Nimewapatia."

"Umefanya vizuri," Ambroise alisema. "Umewaambia na ya Suzanne?"

Germain alikamua maji ya tai yake. "Kesho asubui wanaipeleka Kakanda," alisema mwishowe, akielekeza kidevu kwenye jenereta. "Kule pia wataonyesha masua." Kisha akaenda zake akiruka madimbwi, suruali ameishika magotini.

Jioni daktari alitoka, akaketi ngazini, akaashiria kwamba mashine izimwe. Kuhusu Suzanne alisema neno moja tu, "Tutaona." Ambroise alifunga mazutu. Ukimya uliokuja ulikuwa mzito kiasi kwamba alisikia, kwa masikio yake mabovu, maji yakidondoka kutoka kwenye mabati.

Bibi yake Suzanne, aliyetoka naye Kakanda, alikuja na beseni la vitambaa vya mtoto. Alikuwa amevifua, lakini hakukuwa na jua la kuvikausha wala makaa. Alizunguka uani akitafuta. Akaigusa jenereta kwa ncha ya kidole, akaigusa tena kwa kiganja kizima.

"Papa, ninaweza?" aliuliza.

Ambroise alisogea kumpisha. Bibi akatandaza kitambaa cha kwanza juu ya chuma chenye joto, akakinyoosha pembe, akachukua cha pili. Mvuke mwembamba ukaanza kupanda. Hénoc aliegemeza bunduki ukutani, akaja kumsaidia kukamua.